Kozi Wadogo wa Ugogo na Jinsi Walivyopata Kutambulikana

Katika nchi ya Ugogo, na katika uwanda wote wa juu ulio kati ya Mpwapwa na Manyoni, mvua za kwanza huja pamoja na wageni wa angani. Kumbikumbi wanapotoka ardhini, mnamo Novemba na Desemba, huonekana ndege wadogo wenye mabawa marefu yaliyochongoka wakizunguka juu ya mbuga, pengine makumi, pengine mamia, wakikamata wadudu kwa makucha na kuwala papo hapo hewani. Ikifika Mei wamekwisha kwenda zao. Wengine wa sura iliyo karibu sawa na yao hawaendi popote, bali hukaa majabalini mwaka mzima. Ukiuliza jina la hawa na la wale, mara nyingi utajibiwa neno moja tu: kipanga.

Twataka katika kurasa hizi kueleza jinsi watu walivyopata kuwatenga ndege hawa mmoja mmoja, na kuonyesha kwa nini kazi hiyo yawapasa walimu. Maana jina moja likivikwa ndege kumi, kosa la mmoja huwa kosa la wote. Na katika vijiji vyetu kosa hilo hulipwa kwa jiwe.

Majina tuliyo nayo

Kiswahili hakikosi maneno ya ndege walao nyama. Tuna tai, tuna furukombe, tuna mwewe, tuna kipanga na tuna kozi. Lakini maneno hayo hayakugawanywa kwa kipimo cha wataalamu. Mwewe, kwa watu wengi, ni yule ndege mwenye mkia wa panda anyakuaye vifaranga uani. Kipanga ni neno pana zaidi, litumikalo kwa kila ndege mwindaji asiye mkubwa kama tai. Na siku hizi shuleni huitwa kipanga hata mwanafunzi aliye hodari wa akili. Kozi ni neno lisilosikika sana katika mazungumzo ya kila siku, ijapokuwa wenye elimu ya ndege wamelishika.

Watafsiri wa Biblia walikutana na shida hiyo hiyo. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 11, wamewekwa mwewe, kozi na kipanga, na lugha ya asili yenyewe huongeza maneno ya kuonyesha kwamba jina moja lina aina kadha wa kadha ndani yake. Yaani mwandishi wa kale alijua kwamba jina ni kama kapu: halitaji kila kilichomo. Hali kadhalika Kitabu cha Ayubu, sura ya 39, chataja ndege wa namna hii atandazaye mabawa yake kwenda kusini. Basi safari zao zilijulikana tangu zamani sana, hata kabla ya mtu kujua ni nani hasa asafiriye, na aenda wapi.

Hapa tutatumia neno kozi kwa wale tu ambao wataalamu huwaita kwa Kilatini Falco. Alama zao ni hizi: mabawa yaliyochongoka, macho ya rangi nyeusi-nyeusi isipokuwa kwa mmoja tutakayemtaja, na kijino kidogo ukingoni mwa mdomo wa juu, ambacho kwacho huvunja shingo ya windo. Tena hawajengi viota. Hutaga majabalini, au katika tundu la mti, au katika kiota kilichoachwa na kunguru au ndege mwingine. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa ndugu wa tai na mwewe. Lakini uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba wako karibu zaidi na kasuku, na hata na ndege wadogo waimbao, kuliko walivyo karibu na tai. Tuone hapo kwamba kufanana si udugu.

Majina yaliyotoka katika ngozi

Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alimwandika kozi mwekundu wa majabalini mwaka wa 1758, akamwita Falco tinnunculus. Yuko mwenzake aliye mdogo kidogo, ambaye jina lake litumikalo hata leo, Falco naumanni, lilitolewa mwaka wa 1818 na Fleischer kwa heshima ya Naumann, Mjerumani aliyejifunza sana habari za ndege. Majike wa aina hizi mbili wanafanana mno. Bali makucha ya tinnunculus ni meusi, na ya naumanni ni meupe-meupe. Alama hii ni ya hakika, nayo yatuonyesha jinsi elimu ilivyopatikana siku zile. Nani awezaye kuona rangi ya ukucha wa ndege arukaye juu ya mbuga? Alama ya namna hiyo huonekana ndege akiwa mkononi, naye alifika mkononi kwa risasi.

Mwaka wa 1863 Gustav Radde, aliyesafiri katika Siberia ya mashariki, aliandika habari za kozi wa nchi za mto Amur. Yeye alimwona kuwa namna tu ya Falco vespertinus, kozi wa miguu myekundu ajulikanaye Ulaya ya mashariki. Baadaye ilikubaliwa kwamba ni aina mbalimbali, na yule wa Radde akawa Falco amurensis. Kwa sisi wa Ugogo jambo hili si dogo, maana wale wageni wa Novemba tuliowataja ni hawa wa Amur kwa sehemu kubwa, watokao Siberia, Mongolia na China ya kaskazini.

Jina jingine latugusa kwa njia ya pekee. Daktari John Dickinson alikuwa mganga katika ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyoongozwa na Askofu Mackenzie huko mto Shire, katika nchi iitwayo leo Malawi. Mackenzie alikufa mwaka wa 1862; Dickinson alimfuata kaburini mwaka wa 1863. Katika siku zake chache alikusanya ndege, na mmoja wao, kozi wa kijivu mwenye kichwa cheupe-cheupe, aliandikwa na P. L. Sclater wa London mwaka wa 1864 kwa jina la Falco dickinsoni. Mwaka huo huo wa 1864 misheni ile, iliyobaki wachache, ilihamia Unguja pamoja na Askofu Tozer na Edward Steere, na mwaka wa 1870 Steere akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja. Basi misheni iliyowaachia wasomi sarufi ya lugha hii ndiyo pia iliyoacha jina la daktari wake juu ya ndege akaaye mibuyuni.

Ugogo wenyewe ulikuwa njia ya misafara tokea pwani hata Tabora. Burton na Speke walipita mwaka wa 1857. Mwaka wa 1890 Emin Pasha, akiitumikia serikali ya Wadachi, kama walivyoitwa Wajerumani siku hizo, alipita Mpwapwa akielekea Tabora, naye hata katika taabu za safari hakuacha kukusanya ndege. Ngozi zilipelekwa Berlin kwa Anton Reichenow, ambaye mwaka wa 1894 alitoa kitabu cha ndege wa Afrika ya Mashariki ya Kidachi, na mwaka wa 1895, pamoja na Oscar Neumann, akamwandika kozi wa magenge aliyepatikana Taita, Falco fasciinucha. Wenyeji walioonyesha ndege walipo, na waliochuna ngozi na kubeba masanduku, ni mara chache sana majina yao kuandikwa. Wala maneno waliyoyatumia kwa ndege wale hayakuandikwa kwa bidii ile ile iliyotumika kupima mabawa.

Darubini yachukua mahali pa bunduki

Mwaka wa 1894 kiwanda cha Zeiss huko Jena kilianza kuuza darubini fupi za macho mawili, ambazo mtu aweza kuzivaa shingoni. Polepole swali likageuka. Zamani mtu aliuliza, “Ndege huyu aliyekufa ana nini?” Sasa alianza kuuliza, “Ndege huyu aliye hai aonyesha nini?” Mwaka wa 1934 Roger Tory Peterson wa Marekani alitoa kitabu ambacho ndani yake vishale vidogo viliielekea ile alama moja au mbili zionekanazo kwa mbali. Kwa nchi zetu, J. G. Williams alitoa kitabu cha namna hiyo mwaka wa 1963, na Stevenson na Fanshawe wakatoa chao, kilichojaa zaidi, mwaka wa 2002. Kabla yao R. E. Moreau, aliyekaa Amani katika milima ya Usambara tangu 1928 hata 1946, alikuwa amefanya kazi kubwa ya kuwaangalia ndege wetu; kitabu chake juu ya safari za ndege kati ya Ulaya, Asia na Afrika kilitoka mwaka wa 1972.

Hata hivyo darubini haikumaliza kazi. Mwangaza wa adhuhuri Ugogo hufuta rangi zote, na vumbi la kiangazi huwafanya ndege wote kuwa wa kahawia. Kwa hiyo anayetaka kuwatambua kozi asianze na rangi. Na aulize kwanza: Ni mwezi gani? Yuko peke yake, au wako wengi? Amekaa wapi, naye awinda namna gani? Akisha kujibu hayo, ndipo atazame manyoya.

Kuwatenga mmoja mmoja

Tuanze na wale wekundu. Tinnunculus hukaa peke yake au dume na jike, hasa penye majabali, nayo Ugogo yajaa majabali. Hula panya, mijusi na wadudu. Dume ana kichwa cha kijivu, mgongo mwekundu wenye madoa meusi, na mstari mweusi chini ya jicho kama njia ya machozi. Naumanni huja kwa makundi, kuanzia Oktoba, akirudi kaskazini Machi na Aprili. Mgongo wa dume wake ni mwekundu mtupu, bila doa hata moja; hana ule mstari wa machozi; na juu ya bawa ana utepe wa kijivu-samawati. Majike ni vigumu kuwatenga, na mwenye busara huandika tu kwamba alimwona mmoja wa hao wawili. Watu wengine husema kwamba atuliaye hewani mahali pamoja akipiga mabawa ni tinnunculus. Lakini naumanni naye hufanya hivyo, na hata kozi wa Amur, basi alama hiyo haitoshi.

Yuko wa tatu, Falco rupicoloides, aliye mkubwa kuliko hao, mkazi wa nyika kavu zenye migunga, kama zile za upande wa Wamasai. Dume na jike wake wanafanana: mwili wote una mistari ya kukingama, wala kichwa si cha kijivu. Naye ndiye yule tuliyesema kwamba macho yake si meusi: akisha kukomaa, macho yake ni meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

Kisha wako wenye miguu myekundu. Dume wa Amur ni mweusi wa kijivu, lakini ainuapo mabawa, upande wa chini kwa mbele ni mweupe kabisa. Alama hiyo huonekana hata kwa macho matupu. Dume wa vespertinus hana weupe huo. Jike wa Amur ana kifua cheupe chenye madoa na mistari myeusi. Jike wa vespertinus ana kichwa na kifua cha rangi ya chungwa iliyofifia. Vespertinus hupita zaidi upande wa magharibi ya Afrika kwenda Angola, Namibia na Botswana. Kwa hiyo penye shaka Ugogo, uwezekano mkubwa ni kwamba ni wa Amur.

Wa kijivu mtupu wahitaji uangalifu zaidi. Falco concolor, ambaye twaweza kumwita kozi wa masizi, huzaa katika majangwa na visiwa vya Libya, Misri na Arabuni, hata visiwa vya karibu na Maskati, akapita kwetu kwenda Bukini. Mabawa yake ni marefu sana. Akikaa, ncha zake hufika mwisho wa mkia au kupita. Falco ardosiaceus, apatikanaye zaidi pande za magharibi, ni wa kijivu pia, lakini mabawa yake hayafiki mwisho wa mkia, na ngozi ya manjano huzunguka jicho lake. Yule wa Dickinson ana kichwa cheupe-cheupe na kiuno cheupe-cheupe, na hupenda mivumo na mibuyu, ambamo hutaga tunduni. Atafutwe hasa kuelekea Ruaha.

Mwishoni tutaje wakubwa wawili na mdogo mmoja. Falco biarmicus ana utosi wa rangi ya kutu na kifua cheupe. Falco peregrinus ana kichwa cheusi kama aliyevaa kofia, na mwili mnene wa kifua. Na katika miiba ya nchi kavu yuko Polihierax semitorquatus, kozi mdogo kuliko wote wa Afrika, mwili wake haupiti sana ule wa shorewanda, ambaye hukaa katika viota vya kwera wenye vichwa vyeupe. Jike wake ana mgongo mwekundu wa kahawia. Dume ni wa kijivu. Mtu asiyejua huwadhani kuwa aina mbili.

Madhara ya kutokutambua

Labda msomaji atauliza, “Haya yote yamfaa nini mkulima wa mtama?” Yamfaa hivi. Mwizi wa vifaranga mara nyingi ni mwewe. Na miongoni mwa kozi, biarmicus pengine hukamata kuku. Bali naumanni, na yule wa Amur, na wadogo wengine, chakula chao kikubwa hapa kwetu ni panzi, nzige, kumbikumbi na mende. Wazee wa nchi hii walijua nzige ni nini. Baragumu ya nzige wekundu iliyoanza mwaka wa 1930 haikuisha mpaka 1944, na mbuga za Wembere, upande wa magharibi wa uwanda huu, zahesabiwa mpaka leo miongoni mwa mahali ambapo nzige hao huweza kuzaliana. Mtoto apigaye kwa manati kila kipanga amwonaye, akidhani kwamba analinda kuku wa mama yake, aua mlinzi wa shamba la baba yake. Twasema samaki mmoja akioza huoza wote. Lakini ndege hawa si wa tenga moja.

Tena kuna sumu. Kwelea kwelea wanapoingia mashamba ya uwele na mtama, ndege za kunyunyizia dawa hutumwa, na dawa itumikayo, fenthioni, haichagui. Kozi alaye kwelea aliyelegea kwa sumu huingia naye kaburini. Hatusemi mkulima aache mazao yake yaliwe. Njaa za Ugogo zajulikana. Twasema kwamba asiyejua ndege waliokuwapo hawezi kujua ni nani waliopungua.

Jambo lililotokea mbali latufundisha. Katika jimbo la Nagaland, India, penye bwawa la Doyang, kozi wa Amur hukusanyika kwa wingi mno kila Oktoba kabla ya kuvuka bahari kuja Afrika. Mwaka wa 2012 ilitangazwa kwamba zaidi ya laki moja walikuwa wakinaswa kwa nyavu na kuuzwa kuwa nyama. Basi wazee wa vijiji, makanisa na serikali walishauriana, na mwaka wa 2013 mauaji yalikoma. Mwaka huo huo ndege watatu walivikwa vyombo vidogo vya kutoa habari kwa njia ya setilaiti, wakafuatwa juu ya bahari hata Afrika. Watu wa Nagaland walikuwa wamewala ndege wale bila kujua walikokwenda. Walipojua kwamba ni wageni wapitao, waliwaacha wapite. Naumanni naye alikuwa amepungua sana katika Ulaya ya magharibi baada ya 1950, kilimo kilipobadilika; mwaka wa 2011 aliondolewa katika orodha ya walio hatarini, baada ya watu kumhesabu na kumtunza. Ndege hao wanalindwa huko waliko kwa nusu ya mwaka. Nusu ya pili wako kwetu.

Kazi iliyo mbele ya walimu

Shule ya kijiji haihitaji vyombo vingi kwa kazi hii. Daftari moja latosha, lenye safu za tarehe, mahali, hesabu ya ndege, mahali walipokaa na jinsi walivyowinda. Rangi iandikwe mwisho. Mwanafunzi aandike alichokiona, si alichokidhani. Na palipo na shaka, shaka iandikwe. Daftari la miaka kumi la namna hiyo, kutoka Mvumi, Kongwa, Kondoa au Manyoni, litakuwa na thamani kuliko sanduku la ngozi.

Pamoja na hayo, majina yaandikwe. Wagogo, Warangi, Wasandawe, Wanyaturu na Wanyiramba wana maneno yao, nao wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Asikubali mwalimu kuandika jina la ndege kwa kusikia tu. Na amwonyeshe mzee ndege mwenyewe akiwa hai, aulize jina, aulize na sababu ya jina, kisha aulize kama yule mwingine mwenye macho meupe, au yule ajaye na mvua, huitwa hivyo hivyo. Mahali ambapo mzee atasema, “La, huyo si huyu,” hapo ndipo penye elimu ambayo wasafiri wa 1890 walipita karibu nayo bila kuiandika.